Kovu la Mjomba Alois

Kihonda, Morogoro
Jumamosi, mchana

Skola mwanangu,

Umekwenda kuwaaga kina Rehema, na kwa jinsi ninavyowajua mtacheka huko mpaka mchana uishe, kwa hiyo nina saa nne hivi za kuandika. Nimefunga mlango wa chumba cha kazi na kutundika kibao cha LEO HAKUNA PICHA. Mtu mmoja ameshagonga. Nimemwacha agonge.

Habari za chandarua, ndoo, shuka za kubadilisha, na nani umsalimie kwanza ukifika Songea, mama yako mdogo ameshakwambia mara tatu na kesho atakwambia ya nne. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka minane, na ubaya wake ni kwamba na wewe umelibeba, na upande wako ndio mzito. Mdomoni halitoki. Juzi tukichambua mchele nilijikaza nilitoe, nikaishia kukuuliza kama umeweka soksi.

Jana asubuhi nilikuwa jikoni, dirisha liko wazi, nikakusikia unaongea na mjomba wako pale bombani. Ulimwambia, "Mjomba, nikishaondoka usitoke nje ya uzio peke yako. Hata dukani. Niahidi." Akakuahidi, maana yeye hukuahidi chochote unachotaka. Halafu ukasema, "Nikiona mambo magumu, muhula mmoja tu narudi." Hukusema magumu kwa nani. Mwaka jana ulipopata nafasi ya chuo ukaiacha, ulituambia kozi huipendi. Nilijua ni uongo ulipokuwa unausema, nikanyamaza, kwa sababu kuusahihisha kungenilazimu kusema haya ninayoyaandika sasa. Sitaki unyamavu wangu ukurudishe nyumbani mara ya pili.

Kwa hiyo nakuandikia habari za picha, kazi ninayoijua.

Wewe umenikuta na kompyuta. Hukuniona nikiwa studio mjini, miaka kumi na mbili kwenye chumba cha giza, taa nyekundu, mikono inanuka dawa hata siku ya Pasaka. Nilikuwa nasafisha filamu na kuchapa picha nyeusi na nyeupe. Kazi ile ilikuwa na kitu kimoja kizuri ambacho sikujua kwamba ni kizuri mpaka nilipokikosa, nacho ni negativu, filamu yenyewe iliyokwisha kusafishwa. Picha ikiungua, ikichanika, ukikosea mwanga, ukimkata mtu kichwa, unarudi kwenye kopo la filamu, unatoa negativu, unaanza upya. Mtu wa kweli alikuwa kwenye kopo. Karatasi ilikuwa nakala tu.

Kisha soko huria likaja. Dar zikaja mashine za kuchapa picha za rangi kwa saa moja, watu wakawa wanatuma filamu kwa basi asubuhi na kuletewa picha jioni, na mwenye studio akafunga akafungua duka la vitenge. Miaka hiyo hiyo kiwanda cha baba yako kikauzwa, akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Alituachia kompyuta aliyoinunua kwa kiinua mgongo, akarudi kwao Mahenge kulima, na huko akapata mke mwingine. Hayo unayajua na sina la kuongeza. Kompyuta ilikuwa imetumika ofisini kwa watu huko Dar na ilikuja ikiwa imefungwa kwenye godoro. Baadaye nikapata kamera ya dijitali na printa ya wino wa rangi, na ndani ya boksi la printa kulikuwa na sidii yenye programu ya kuchapia picha.

Nataka nikwambie ukweli, niliipenda ile programu kuliko watu wengi. Unaiwekea picha, inakuuliza unataka karatasi gani, unataka nane za pasipoti au mbili kubwa, unataka fremu au hutaki. Ilikuwa inaongea Kiingereza na mimi Kiingereza changu ni cha mtu aliyeishia darasa la saba, lakini ilikuwa na michoro, na michoro nilielewa. Chumba kikawa na mwanga wa jua, mikono ikaacha kunuka. Wateja nao wakaipenda. Unamkumbuka yule mama wa Kinole aliyekuwa anateremsha machungwa na iliki sokoni? Alipigwa picha akanisogelea sikioni.

"Mama Skola, niongezee mwanga kidogo usoni."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kuwanyamazisha mawifi."

Nikamwongezea. Nikamwondolea na chunusi mbili bila kuombwa. Mkwe wake alipokuja kuchukua picha alizirudisha mezani akisema nimempa za mtu mwingine, tukacheka wote. Nilicheka sana siku ile, Skola. Ningejua, ningecheka kidogo.

Kulikuwa na brashi humo ndani. Unaionyesha mahali penye ngozi nzuri, inachukua, kisha unapaka pale pabaya na pabaya panafunikwa. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza nimefanyaje. Wote waliniuliza kama ninaweza kufanya zaidi.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kovu la mjomba wako umelikuta, na umeambiwa tu kwamba aliungua akiwa mdogo. Ni kweli. Lakini aliungua akiwa na nani hukuambiwa.

Ilikuwa Matombo, kwa bibi yako. Mimi nilikuwa na miaka minane, Alois minne, na kifafa alikuwa nacho tangu akiwa wa miwili. Bibi yako alikwenda shambani kwenye migomba, mbali, upande wa pili wa kijito. Aliniambia nikae na mtoto ndani, nisimwache karibu na mafiga. Nikakaa. Halafu watoto wakapita mbio wakisema misheni kuna padri mgeni anapiga watu picha. Nilikuwa sijawahi kuona kamera. Nikamkalisha Alois mbali na moto, nikampa muwa, nikamwambia asisogee. Nilipofika misheni nilikuta foleni ndefu, nikasimama, padri akamaliza filamu kabla ya kunifikia. Niliporudi nyumba ilikuwa imejaa watu.

Alianguka kifafa, akaangukia kwenye mafiga kwa upande wa kushoto wa uso. Jirani ndiye aliyemtoa. Bibi yako hakunipiga. Alinitazama na kusema, "Nilikuachia mtu mmoja tu." Aliyasema mara moja, na hakuyarudia mpaka anakufa. Nimeyasikia kila siku tangu hapo.

Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake. Alois ndiye mjomba wako pekee. Alipaswa kusoma, akae kwenye vikao vya ukoo, siku moja azungumze na watu watakaokuja kukuposa. Hakupelekwa shule, kwa sababu ya kifafa walisema, na kwa sababu ya uso hawakusema. Bibi yako alipofariki nikamchukua nije naye mjini. Wewe ulikuwa unatambaa. Yeye ndiye aliyekufundisha kutembea, kwa kuwa mimi nilikuwa na wateja.

Picha hakuzitaka. Ukimwelekezea kamera anageuka kulia, shavu zima linaonekana na lingine linabaki upande wa ukuta. Alitazama kamera usoni mara moja tu maishani mwake, siku ya komunyo yako ya kwanza. Alivaa koti la baba yako lililobaki kabatini, akasimama nyuma yako, nawe ukamwambia, "Mjomba, tazama pale kwa mama." Akatazama. Nikabonyeza.

Siku iliyofuata nilikaa na ile picha kwenye kompyuta. Nilimkata peke yake, nikamkuza mpaka uso ukajaa kwenye kioo, nikachukua brashi. Nilitoa ngozi ya shavu la kulia nikaipeleka la kushoto, kidogo kidogo, kama mtu anayesiliba ukuta. Ilinichukua asubuhi nzima. Nilipomaliza alikuwa mwanamume mzuri wa miaka arobaini hivi, mwenye mashavu mawili. Nilifurahi. Sikumbuki kama niliwahi kujisikia mwepesi namna ile tangu siku ya muwa.

Ulikuja ukasimama nyuma ya kiti changu. "Mama," ukasema, "umemfanya kama mtu mwingine."

"Nimemfanya alivyokuwa," nikakujibu.

Nikachapa moja kwa ajili ya albamu. Alois albamu hafungui, na sikumwonyesha. Nilijiambia namwandalia siku nzuri ya kumwonyesha. Nadhani niliogopa asije akaipenda kuliko uso wake. Nilipofunga, programu iliniuliza swali lake la kila siku, kama nihifadhi mabadiliko, nikabonyeza ndiyo. Nilikuwa nabonyeza ndiyo siku zote, kwa sababu siku moja nilibonyeza hapana nikapoteza kazi ya harusi nzima. Kichwani mwangu kopo la negativu lilikuwa bado lipo mahali fulani ndani ya lile sanduku la kompyuta. Kadi ya kamera nilishaifuta kabla, ilikuwa ndogo, inajaa upesi. Na ile kubwa yenu wawili niliifanyia hivyo hivyo siku hiyo hiyo, ili shavu lake lifanane kwenye zote mbili. Sikuwa na habari kwamba nimemaliza kuufuta uso wa ndugu yangu, na kwamba hapakuwa na mwingine.

Sasa siku ile ya sokoni. Najua huipendi. Nivumilie, maana naiandika kama ilivyokuwa na si kama unavyoikumbuka.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikutuma na mjomba wako soko kuu, yeye abebe kikapu na wewe ushike orodha. Akaanguka kwa wauza ndizi. Ulimlaza ubavu, ukaweka khanga chini ya kichwa, ukasogeza kikapu asijigonge, ukasubiri mpaka mwili ukatulia, ukakimbia kumwita mama Asha wa dagaa kwa sababu ndiye mtu mzima uliyemjua pale. Ulifanya kila kitu nilichokufundisha. Ni mimi ambaye sikuwahi kukufundisha kwamba akizinduka anaweza kuinuka na kutembea hajijui, dakika tano, nusu saa, kwa sababu mimi mwenyewe kila mara nilikuwa nimekaa naye. Mliporudi mlikuta khanga tu.

Ulifika nyumbani unalia, unajaribu kunieleza, na mimi nikafungua mdomo nikasema, "Nilikuachia mtu mmoja tu."

Skola, maneno yale nilikuwa nayajua uzito wake kuliko mtu yeyote Morogoro hii. Niliyajua yanafanya nini kwa mtoto, na yanafanya kwa miaka mingapi. Nikayasema hivyo hivyo, kwa sauti ile ile ya bibi yako. Nimekutafutia udhuru na sijaupata.

Tulikwenda polisi, tukatangaza kanisani na msikitini, nikapanda Matombo kwa lori la ndizi nikashuka mikono mitupu. Kisha nikasema nina kompyuta, nina printa, nina karatasi, nitachapa matangazo. Nikafungua picha.

Shavu lilikuwa safi. Nikatafuta ile ya mwanzo, nikafungua kila mahali, kote shavu safi. Nikamwita kijana wa intaneti kafe, akabonyeza bonyeza, akanigeukia. "Mama, ukishahifadhi juu yake ndiyo hiyo hiyo. Ya mwanzo haipo." Alisema kwa upole, kama daktari.

Basi nikasema nitalirudisha kovu kwa brashi. Nilikaa pale kipanya mkononi, Skola, na sikujua nianzie wapi. Nimeishi na uso ule karibu miaka arobaini. Nimeulisha, nimeunyoa ndevu, nimeufuta mate akianguka. Na sikujua kama kovu linafika sikioni au linaishia kabla, kama linashuka kwenye taya au linapinda. Sikuwahi kulitazama. Nilikuwa natazama pembeni yake siku zote.

Wewe ulijua. Ulisimama mlangoni ukasema, "Linaanzia hapa chini ya jicho, linakuja mpaka sikioni, halafu linateremka hivi, na hapa kwenye taya limekunjamana." Ulikuwa unajionyesha kwenye uso wako mwenyewe kwa kidole. Nilikitazama kile kidole na sikuweza kukivumilia. Nikakwambia, "Wewe umeshafanya ya kutosha, toka."

Ukatoka. Nikachapa vile vile.

Hata matangazo yenyewe yalikuwa kichekesho. Programu ile ilijua harusi, kuzaliwa na Krismasi. Kupotea haikujua. Haikuniruhusu kuweka maandishi bila kuchagua kadi, nikachagua yenye maua machache kuliko zote, kwa hiyo ndugu yangu alitangazwa kapotea katikati ya maua ya waridi ya rangi ya zambarau. Chini nikaandika jina lake, shati alilovaa, na kwamba ana kovu la moto shavuni. Nilijiambia maandishi yatatosha. Wino ulikwisha mara mbili. Tukabandika Msamvu, Mikese, Mzumbe, Dumila, Dakawa, kila penye ukuta na watu.

Miezi minne hakuna aliyekuja. Wewe katika miezi hiyo uliacha kucheza mpira wa mikono, uliacha kulala kwa kina Rehema, ukaanza ile tabia ya kutuhesabu mezani kabla ya kula. Niliona. Nilijiambia utakua utaacha. Umekua, na wiki iliyopita kwenye ubatizo wa mtoto wa mama yako mdogo nilikuona unahesabu.

Alipatikana hivi. Niliitwa Dakawa kupiga picha za harusi ya binti wa mkulima mmoja. Mpunga ulikuwa umekomaa, ndege wamejaa, na kila shamba lina dungu na mtu juu yake anapiga kelele. Nilikuwa napita kwenye tuta la mfereji na kamera shingoni, nikasikia mtu anawafukuza ndege kwa wimbo wa kanisani, ule wa Kilatini wa maandamano ya Ekaristi, na anauimba vibaya mahali pale pale anapoukosea siku zote. Nilisimama. Niliinua macho juu ya dungu nikamwona ana manati mkononi, kanenepa.

"Lumbu," akasema, kama kaka na dada wanavyoitana kwetu. "Umechelewa. Mpunga umeshaiva."

Mwenye shamba alikuwa mzee mmoja mtaratibu, Mzee Shabani. Alimkuta Alois kando ya barabara ya Dodoma, amechoka, hajui ametoka wapi. Alimwuliza kwao, akajibu Matombo kwa mama yake, na kila alipoulizwa tena alijibu hivyo hivyo. Mzee akatuma salamu Matombo kwa mama yake, na mama yake alikuwa kaburini, salamu hazikujibiwa. Akampa kazi, akampa pa kulala, na mkewe akawa anamwangalia akianguka. Nilimshukuru mpaka akaona haya. Kisha nikamwuliza kama hakuona matangazo.

"Niliyaona, mama. Lipo moja pale mashineni, kwenye ukuta wa kukobolea. Tumelisoma sana. Limeandikwa mtu ana kovu, na sisi tuna mtu mwenye kovu, hata mke wangu akaniambia twende tukatazame vizuri." Akatafuta namna ya kunisitiri. "Tulipotazama picha, kovu hakuna. Sura si yake. Tukasema, hawa waliopotelewa inaonekana hata hawamjui mtu wao."

Nikaenda mashineni nikalibandua. Lilikuwa limefubaa, maua yamebaki kuwa madoa. Mita hamsini kutoka pale alipokuwa analala. Alikuwa anapeleka magunia pale kila wiki, miezi minne. Saa moja na nusu kwa gari kutoka kwenye meza yangu.

Nilikuwa nimelishika mkononi tukisubiri gari la kurudi. Alois akalichukua, akalitazama kwa muda. Kusoma hajui, unajua. Na uso ule alikuwa hajawahi kuuona tangu akiwa na miaka minne, angeujuaje. Akanirudishia kwa mikono miwili, kama kitu cha msiba.

"Huyu ndugu namwona pale kila nikienda," akasema. "Nikipeleka magunia namwombea. Na yeye hajapatikana tu?"

Nikamwambia amepatikana. Akafanya ishara ya msalaba.

Tulipofika nyumbani ulimrukia, ukamshika uso kwa mikono yote miwili, ukalia mpaka ukatapika. Jioni ile ukaniuliza kwa nini watu wa Dakawa hawakumjua kwenye picha. Nikakwambia watu hawasomi matangazo. Hilo ndilo jambo langu, Skola. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, ulikuwa umesimama mbele yangu unasubiri mtu akutue mzigo, na nilichotakiwa kusema kilikuwa sentensi moja. Niliogopa usije ukanitazama nilivyotazamwa mimi Matombo. Nikaona bora uendelee kubeba wewe.

Haikuwa siku moja. Ilikuwa kila siku, miaka minane. Kila ulipotuhesabu mezani nilipata nafasi ya kusema, nikakupitishia bakuli la mboga.

Mimi sina la kukufundisha kuhusu maisha ya chuo. Nilichojifunza ni kidogo na kimewagharimu wengine. Nimejua kwamba mtu unayempenda unaweza kumfuta kwa mapenzi yale yale, huku unajiona unamsaidia. Nimejua kwamba ukikosea kwa mtoto mdogo, mtoto hakuoni wewe, anajiona yeye. Sasa nachapa picha za watu walivyo. Wateja wengine wamehamia kwa yule kijana wa Mji Mpya anayewapa ngozi ya wanasesere. Waende.

Ukinikasirikia, kasirika. Usinisitiri kama Mzee Shabani. Andika barua uniambie, au kaa kimya mpaka Krismasi, nitaelewa. Ila usirudi baada ya muhula mmoja kwa ajili ya Alois. Dawa zake za kliniki anakunywa na nitazisimamia mimi. Akitaka kwenda dukani atakwenda. Akipotea nitamtafuta mimi, kwa uso wake mwenyewe, maana sasa naujua. Linaanzia chini ya jicho, linafika sikioni, linateremka, na kwenye taya limekunjamana. Ulisema kweli tangu siku ile.

Kesho amesema lazima akusindikize mpaka Msamvu, na amepiga pasi shati tangu leo. Mwache abebe sanduku, usimshike mkono kuvuka barabara. Basi likianza kutembea utatuona wawili, mimi na yeye, tumesimama kwenye lami. Tutazame ukitaka, lakini usituhesabu.

Hukumpoteza wewe, Skola. Ulimwacha dakika kumi, ukaenda kumtafutia msaada. Aliyempoteza ni mimi, nimekaa kwenye kiti changu, asubuhi nzima, na nikabonyeza ndiyo.

Mama yako